Mkono Uliowaka Hospitali Tu

Wenzangu wa karakana,

Siku ya kuniaga, hotuba zilipokwisha, mmoja wenu alisema, "Mama Koleo, usiondoke na vyote kichwani, tuandikie." Nikaitikia kwa kichwa kwa sababu mdomo ulikuwa na keki. Sasa ni wiki ya tano niko nyumbani hapa Mpanda. Kuku wameshanizoea, redio ya jirani nimeitengeneza mara mbili, na kisingizio kimeniishia. Vyeo na mishahara nitaviruka. Viko kwenye faili na havina somo. Nitaandika mambo mtakayoweza kuyatumia Jumatatu asubuhi. Na nitaandika kosa moja, langu, lililomgharimu kijana wa Inyonga mkono wake. Ningeweza kunyamaza nalo. Wanaolijua ni wachache, na wote ni waungwana.

Nilifika hospitalini nikiwa na cheti kipya cha ufundi wa vifaa tiba na sanduku la bati. Karakana ilikuwa chumba kimoja nyuma ya jengo la kufulia, na fundi alikuwa mmoja, Mzee Remigi, mwenye miwani iliyoungwa kwa waya wa shaba. Aliniangalia, kisha akaangalia mlangoni kama kuna mwingine anakuja nyuma yangu.

"Umeleta chai?" akauliza.

"Hapana, mzee. Mimi ndiye fundi mpya."

"Haya. Chai tutachemsha wenyewe."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mashine ya kufyonza makohozi iliyokuwa haivuti. Nilitaka Mzee aone kwamba chuoni sikwenda kutembea, nikaifungua yote. Siku mbili nilitandaza skrubu na mipira juu ya gazeti. Nikapima mota, nikapima swichi, kila kitu kizima, na mashine haivuti. Siku ya tatu Mzee alikuja, akachukua mrija wa mwisho kabisa, ule unaokwenda kwa mgonjwa, akaumulika kwa tochi. Mashine ilikuwa imekaa stoo muda mrefu na nyigu alikuwa amejenga humo ndani, udongo mgumu kama saruji.

"Umefungua nini?"

"Vyote, mzee."

"Na hapa inapokutana na mtu?"

Nikatikisa kichwa.

"Anza hapo. Ndani ya mashine, mwenye kiwanda alishafikiria. Hapa hajafikiria mtu yeyote mpaka ufike wewe."

Maneno hayo nimewarudishia nyie mara nyingi, hadi mkawa mnaniigiza nikitoka chumbani. Nilikuwa nawasikia. Lakini kuyasema maneno na kuyafuata ni kazi mbili tofauti, na hilo ndilo nataka mlione hapa.

Mzee Remigi alistaafu, akaniachia koleo lake la mpini wa mbao, ambalo ndilo lililonipa jina, na miaka michache baadaye tukamzika. Nilifanya kazi peke yangu muda mrefu kabla hamjaja. Nilitengeneza mitungi ya kuchemshia vyombo, taa za chumba cha upasuaji, mizani ya watoto, na majokofu ya chanjo, ambayo yana tabia ya kufa Ijumaa jioni. Kazi nyingi za fundi hazina hadithi. Kitu kimekufa, umekifufua, mtu amepona, hakujui. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa.

Miaka ya mwisho ikaja mikanda ya misuli. Nyie mnaijua, lakini nitaieleza kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Ni mkanda wa mpira, mpana kama vidole vitatu, unaofungwa mkononi au mguuni. Upande wa ndani una vifungo vya chuma vitatu. Msuli wowote unapokaza hutoa umeme kidogo sana. Vifungo viwili vinausikia umeme huo, kile cha tatu kinakaa penye mfupa, na kidude kilicho juu ya mkanda kinawasha taa ya kijani. Kina betri yake ndani, ya kuchaji. Faida yake ni kwa mtu ambaye msuli wake umelala: aliyepigwa kiharusi, aliyeanguka na bodaboda, mtoto aliyevutwa bega wakati wa kuzaliwa. Msuli ukianza kuamka, taa inaweza kulionyesha hilo wiki nyingi kabla kidole hakijacheza. Mgonjwa anapewa mkanda aende nao nyumbani, afanye mazoezi, na kila siku aandike kwenye daftari kama taa imewaka.

Watengenezaji waliotuletea walitaka kujua kama mikanda itavumilia mazingira yetu. Haikuvumilia. Jasho liliingia kwenye kidude. Vumbi la kiangazi lilijaa kwenye sehemu ya kubandika hadi mkanda ukawa unateleza kama soksi ya zamani. Nyaya zilikatika palepale zinapoingia kwenye kidude, kwa sababu hapo ndipo zinapokunjwa. Ndani ya wiki tatu nusu ya mikanda ilikuwa mezani kwangu.

Hapo nilifanya kazi ambayo mpaka leo siionei aibu. Shingo ya kila waya niliivalisha kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili ipinde polepole. Sehemu ya kubandika niliitoa, nikampelekea fundi cherehani mmoja wa sokoni, akashona matundu na vifungo vya koti. Kidude nilikizungushia plastiki ya mfuko wa maziwa na kuiziba kwa moto. Mkanda uliokuwa unakufa ndani ya wiki tatu ukawa unamaliza mwaka. Wageni walikuja, wakapiga picha mpira wa baiskeli, wakaniuliza nimesomea wapi. Nikafurahi, sitaficha.

Niliuhesabu uimara wa mkanda kwa idadi ya siku ambazo haujafa. Sikujiuliza kama mkanda unaweza kuwa hai na bado ukasema uongo.

Ladislaus alikuja katika mwaka huohuo. Alikuwa mrina asali wa Inyonga, kijana wa miaka ishirini na kitu, mrefu, mcheshi. Alikuwa juu ya mti akishusha mzinga, tawi la kukanyagia likakatika, na alipokuwa anaanguka akadaka tawi jingine kwa mkono wa kulia. Tawi lilimshikilia kwa sekunde moja hivi, uzito wote wa mwili ukining'inia kwenye mkono mmoja, kisha akaachia. Hakuvunjika mfupa hata mmoja. Lakini neva zinazotoka shingoni kwenda mkononi zilikuwa zimevutwa, na vidole vyake vilining'inia kama vya glavu tupu.

Daktari alitueleza vizuri sana, mimi na Yusufu, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo. Neva iliyovutwa inaweza kujirudia yenyewe, basi unasubiri. Inaweza pia kuwa imekatika, basi inahitaji upasuaji, ambao haufanyiki Katavi, na una muda wake. Ikipita nusu mwaka hivi bila neva kuunganishwa, msuli unaanza kunyauka, na hata ukiunganisha baadaye ni kama kupeleka maji kwenye shamba lililokwisha kukauka. Kwa hiyo aliandika kwenye faili: miezi mitatu, mkanda, na kama hakuna dalili yoyote aende rufaa. Mkono wa Ladislaus ulikuwa unaning'inia kwenye taa ya kijani. Sote watatu tulilijua hilo.

Alikuja kila mwezi kwa basi, pamoja na mama yake, Mama Skola, mwanamke mdogo wa umbo mwenye kitenge kilichopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama. Na kila mara Ladislaus alikuwa anang'aa. Nataka mnielewe hapa. Kwetu humpeleki mgonjwa hospitali akiwa amepauka. Ngozi kavu inasema nyumbani kwake hakuna mtu. Alfajiri ya siku ya kliniki Mama Skola alimwogesha mwanawe, kijana mzima, akampaka mafuta aliyoyatengeneza mwenyewe kwa nta ya nyuki na mafuta ya alizeti, hasa huo mkono wa kulia, kuanzia begani hadi kwenye kucha. Ulinukia asali. Nakumbuka nilimwambia, "Mama Skola, mwanao anang'aa kuliko sisi wenye mishahara," akacheka akiwa ameziba mdomo kwa kitenge.

Maelekezo ya mkanda yanasema ngozi isafishwe kwanza. Spiriti ilikuwa inapatikana kwa shida, tukiitunzia sindano na vidonda. Sabuni na maji vilikuwepo, hatua ishirini kutoka pale. Lakini kumfuta mtu mafuta ambayo mama yake amempaka alfajiri, na mama amesimama hapo anaangalia, ni kama kumwambia umeniletea mtoto mchafu. Nilipitisha pamba kavu mara moja, kwa heshima, nikafunga mkanda.

"Kaza vidole, Ladi," Yusufu akasema.

Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Vidole havikucheza. Taa ya kijani ikawaka.

Mama Skola alipiga magoti palepale sakafuni. Yusufu akaandika kwenye faili: dalili ipo.

Tulimpa mkanda na daftari akarudi Inyonga. Mwezi uliofuata akaja na daftari, limeandikwa na mama yake kwa herufi kubwa za mtu aliyemaliza shule ya msingi zamani. Jumatatu, HAIJAWAKA. Jumanne, HAIJAWAKA. Ukurasa mzima, na wa pili.

"Nyumbani haiwaki, fundi," Ladislaus akasema. "Huu mkono wangu unapenda mji. Ukifika Mpanda unachangamka, ukirudi kwetu unalala."

"Basi hamia, tukutafutie mchumba huku," Yusufu akamjibu, na chumba kizima kikacheka, na mimi nikiwemo.

Nikamfunga mkanda, taa ikawaka. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaandika kwenye jalada la daftari: AVAE VIZURI. Nikamwelekeza mama, kwa upole na kwa urefu, kama mnavyonijua, namna ya kufunga vifungo vya koti, wapi penye mfupa, wapi penye nyama. Alisikiliza yote. Mwezi wa tatu alileta kurasa nyingine mbili za HAIJAWAKA. Mwezi wa nne pia. Akawa anaomba radhi akinikabidhi. "Nafunga kama ulivyonionyesha, dada. Labda macho yangu."

Wakati mwingine hapo hospitalini taa iliwaka hata Ladislaus akiwa amepumzika. Tulisema msuli umeanza kujikumbusha. Mtu anayetaka habari njema hakosi maneno.

Miezi mitatu ya daktari ikapita, na faili lilikuwa na dalili tatu. Ikapita sita. Ikafika tisa. Vidole bado vilikuwa vya glavu tupu, na mkono ulikuwa umeanza kupungua nyama kati ya mifupa. Yusufu akawa hatanii tena. Lakini taa ilikuwa ya kijani.

Kliniki ya mwezi wa kumi ilikuwa kabla ya mvua, joto la kukausha mate. Ladislaus alikuwa kitandani kwenye chumba cha mazoezi, mkanda mkononi, taa inawaka, feni inazunguka juu yetu. Umeme ukakatika. Hakuna aliyeshtuka, umeme kukatika kwetu ni jambo la kawaida. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Na taa ya kijani ikazimika.

"Betri imekwisha," Yusufu akasema.

Nilibonyeza kitufe cha kuangalia chaji. Betri ilikuwa imejaa. Mkanda ule hauna waya unaokwenda ukutani. Haukuwa na sababu yoyote ya kujua kwamba umeme umekatika.

"Ladi, unakaza?"

"Nakaza, fundi. Nakaza kweli."

Hakuna kitu. Tulikaa hivyo dakika chache, jasho linatutoka. Ladislaus akachoka, akaachia, akachukua chupa ya maji kwa mkono wa kushoto. Jenereta ikanguruma nje, feni ikaanza kuzunguka, na wakati yeye anakunywa maji, mkono wa kulia umelala juu ya shuka hauna habari, taa ikawaka.

"Imerudi!" Mama Skola akasema, akapiga makofi. "Imerudi, Ladi!"

Nitaeleza kilichotokea, kwa sababu hili ndilo somo. Umeme wa ukutani unavuma muda wote. Sikio halisikii, lakini mwili wa mtu unaupokea mvumo huo kama waya wa redio. Ndiyo maana ukigusa waya wa redio sauti inabadilika. Mkanda unalijua hilo. Vifungo vyake viwili ni kama walinzi wawili wa geti moja: kelele wanayoisikia wote kwa pamoja wanaipuuza, ile ambayo mmoja anaisikia kuliko mwenzake ndiyo wanaitolea taarifa. Hilo linafanya kazi vifungo vyote vikigusa ngozi sawasawa. Kimoja kikikaa juu ya nta na kingine penye ngozi, mvumo unaingia kwa kupishana, na mkanda unadhani ni msuli unasema. Mgonjwa akijikaza, bega linasogea, mkanda unahama kidogo, na taa inawaka kama vile imemjibu.

Nyumbani kwao Inyonga hapakuwa na nguzo ya umeme, palikuwa na paneli ndogo ya sola ya kuchaji. Hapakuwa na mvumo wa kudanganya mkanda. Kule mkanda ulikuwa unasema kweli kila siku, na mama yake alikuwa anaiandika kweli hiyo kwa herufi kubwa, na mimi nikaiandikia juu yake kwa kalamu nyekundu.

Nilimtoa Ladislaus nje, tukapita kamba za kuanikia shuka, tukafika kona ya uzio ambako hakuna waya unaopita. Hakuna taa. Nikamwosha mkono kwa sabuni, maji mawili, nikamkausha, tukarudi ndani umeme ukiwepo. Hakuna taa. Kisha nikachukua mafuta kidogo ya Mama Skola kutoka kwenye mkono wake wa kushoto, nikajipaka mimi mwenyewe, nikajifunga mkanda, nikaulegeza mkono wangu kabisa. Kijani.

Yusufu alitoka chumbani. Alikwenda kumwita daktari.

Daktari aliandika rufaa siku ileile. Walisafiri, walipimwa, walirudi. Neva mbili zilikuwa zimekatika tangu siku ya tawi. Zingeweza kuunganishwa mapema. Sasa msuli wa kuupelekea habari haukuwepo tena.

Waliporudi kutuaga, Mama Skola alinisubiri nje ya karakana. Hakulia. Aliniuliza jambo moja.

"Dada, ni mafuta yangu?"

Mimi ni mtu wa kueleza, mnanijua. Nimewaeleza nyie fyuzi hadi mkasinzia. Basi nikaeleza. Nikasema mafuta yanachangia, kwa sababu nta haipitishi umeme, lakini pia kuna mvumo, na kuna vifungo, na sisi hatukusafisha. Kila neno lilikuwa sahihi. Nilipofika kwenye vifungo nikaona hanisikilizi tena. Alikuwa ameshachukua jibu lake kwenye neno langu la kwanza. Akanishukuru, akaondoka.

Mwezi uliofuata Ladislaus alikuja kuangaliwa viungo visikakamae. Alikuja na mama yake, kitenge kimepigwa pasi. Ngozi ya Ladislaus ilikuwa imepauka, majivu matupu, kuanzia begani hadi kwenye kucha.

Baada ya hapo mnajua tulichobadilisha, kwa sababu wengi wenu mlifika wakati huo. Beseni na sabuni kando ya kitanda, kila mgonjwa anaoshwa, awe na mafuta au asiwe nayo, na tunamwambia kwa nini kabla hajaona aibu. Kwanza mkanda unafungwa mgonjwa akiwa amelegea, na ukiwaka hapo hatuendelei. Kisha anatolewa nje, mbali na nyaya. Nyumbani na hospitali vikitofautiana, hatuandiki chochote kwenye faili mpaka tujue sababu. Niliwaandikia watengenezaji barua ndefu. Walinijibu kwa adabu kwamba usafi wa ngozi umetajwa kwenye kijitabu, ukurasa wa nne. Ni kweli. Upo. Mikanda waliyoleta baadaye ina taa ya pili, ya njano, inayowaka vifungo visipogusa ngozi vizuri. Itazameni hiyo kabla ya ile ya kijani.

Lakini kuna kitu kilibaki. Wiki ya pili ya kustaafu nilipanda basi la Inyonga.

Ladislaus alinipokea stendi kwa bodaboda ya rafiki yake. Siku hizi hapandi mti; anakaa chini anashika kamba ya kushushia mzinga, ameizungusha kiunoni, mkono mmoja na meno. "Wananiita kapi, lile gurudumu la kuvutia kamba," akasema. "Kapi linalolalamika." Nyumbani Mama Skola aliniwekea kiti uani. Alikuwa amepungua. Ladislaus aliingia ndani akatoka na kitambaa cheupe, ndani yake mkanda, msafi, na daftari.

"Hamkuudai," akasema. "Nikauchaji. Mzima kabisa."

Niliomba maji na sabuni. Nikanawa mkono wangu mbele yao, nikajifunga mkanda, nikakunja ngumi. Kijani. Nikaachia, ikazimika. Nikamwosha Mama Skola mkono wake, mkono wa kazi, mgumu, nikamfunga. "Kunja, dada." Akakunja, taa ikawaka, akashtuka, akaachia, akakunja tena. Nikamwosha Ladislaus, nikamfunga. Akakaza. Kuku walipita. Hakuna kitu.

Kisha nikaomba mafuta. Mama Skola hakusogea. Ladislaus ndiye aliyeyatoa, kopo limekaa muda hadi juu pameota ngozi. Nikampaka mkono ule, nta nyingi, nikafunga mkanda juu yake.

"Kaza."

Hakuna kitu.

"Mafuta yapo," nikamwambia Mama Skola. "Mengi kuliko uliyokuwa unampaka. Taa haijawaka. Mafuta yako hayakumdanganya mtu. Nyaya zilikuwa zetu, na wewe uliniambia kila mwezi, kwenye daftari, na mimi ndiye nilikataa kusoma. Uliponiuliza nilipaswa kukujibu hapana. Nimekuja kukujibu."

Mama Skola alinyoosha mkono. Alilichukua daftari, akaangalia maneno yangu mekundu kwenye jalada.

"Ulikuwa unajua haiwaki huku," akasema. "Nilikuandikia."

"Uliniandikia."

"Ukasema anavaa vibaya."

"Nilisema hivyo."

Hakuniambia nimesamehewa, na sikuomba. Aliuvua mkanda kwenye mkono wa mwanawe, akanikabidhi pamoja na daftari. Akalivuta kopo kwake, akatoa ile ngozi ya juu kwa ukucha, akaitupa. Mimi nilikuwa nimepaka pale pa mkanda tu, kama fundi. Yeye alianzia begani, akashuka polepole, kiwiko, kifundo, kidole kimoja kimoja, hadi kwenye kucha. Ladislaus aligeuza uso upande mwingine akauachia mkono.

Mkanda ule nimeurudisha. Uko hapo karakana, kwenye droo ya pili, ndani ya kitambaa chake, na daftari liko chini yake. Msilifute jalada.